Ng'ombe wa Shangazi

Mpaka leo maziwa yaliyotoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi hunitia aibu kabla hayajanitia hamu. Juzi tu, mnadani Karatu, mama mmoja wa Kimasai alinimiminia kidogo kwenye kikombe nionje. Ile harufu ya moshi wa mzeituni pori ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama katikati ya mitumba na vitunguu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Yule mama akadhani maziwa yamechacha. Nikanunua lita mbili ili asivunjike moyo, na ninyi nitawaeleza kilichonipata.

Nilizaliwa kijiji kimoja juu ya Karatu, upande unaopanda kwenda msitu wa Ngorongoro, ambako mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka asubuhi mpaka huoni mbuzi uliyemfunga kwa mkono wako mwenyewe. Nyumbani tuliongea Kiiraqw, shuleni Kiswahili, na mara mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, tulikutana na Kiingereza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini. Sabuni ilikuwa ya foleni, daftari moja lilikatwa katikati likawa la watoto wawili, na kule chini barabarani magari ya watalii yalipita yakitutimulia vumbi jekundu huku sisi tukiyapungia mikono kwa furaha, kana kwamba vumbi lile ni zawadi.

Mwaka ule tulikuwa na zizi lakini hatukuwa na ng'ombe. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, iliwamaliza wote wanne ndani ya mwezi mmoja, na Baba akabaki anafagia zizi tupu kila asubuhi kwa mazoea. Mdogo wangu Fabiano alizaliwa wakati huohuo. Alipofika miezi miwili Mama akapata jipu kwenye titi, homa ikamlaza, na ilipomwachia maziwa yalikuwa yamekauka. Fabiano akaanza kulia kilio kidogo chembamba, kilio cha mtu aliyekata tamaa ya kusikilizwa. Mama alimchemshia uji mwepesi akauchuja kwa kitambaa, mtoto akautema. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikisikia kilio kile hata nikiwa darasani.

Basi asubuhi moja ya ukungu nilitoka kuchukua kuni nyuma ya ghala nikasikia sauti mbili upande wa zizi. Moja ilikuwa ya Baba. Nyingine niliitambua kwa kikohozi chake, ilikuwa ya Mzee Gwandu, rafiki wa Baba tangu ujana wao, aliyeishi ng'ambo ya korongo. Watu sikuwaona. Niliona tumbo jeupe la ng'ombe tu, limesimama peke yake ndani ya ukungu. Mzee Gwandu alikuwa akimwambia Baba kwamba maziwa ni ya mtoto, mbolea ni ya shamba, ndama wa kwanza atarudi kwake na wa pili watazungumza. Kisha akaongeza kwamba asijue mtu, hata mdogo wake yeye Gwandu wa tumbo moja, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kumwambia hana ng'ombe wa kutoa.

Hapa niwaeleze kidogo, maana asiyetoka kwetu anaweza kumwona Mzee Gwandu mtu mbaya, na hakuwa mbaya. Kwetu mwenye ng'ombe wengi hakuwalaza wote zizi moja. Mmoja alimweka kwa rafiki, mwingine kwa shemeji, mwingine kijiji cha mbali, ili ugonjwa ukiingia usimalize wote, na macho ya watu yasihesabu mali yake. Aliyewekewa alichunga, alikamua, na alinyamaza. Kunyamaza kulikuwa nusu nzima ya kazi. Mtu aliyejulikana kwa kunyamaza aliwekewa ng'ombe maisha yake yote hata kama hakuwa na ng'ombe wake hata mmoja, na watoto wake walikunywa maziwa.

Asubuhi ileile Baba alituambia, huku akiangalia moto, kwamba ng'ombe ametoka kwa shangazi yangu, Mbulu. Tukiulizwa na mtu tuseme hivyo. Mama akaitikia bila kuinua kichwa, na tangu siku ile ng'ombe akaitwa Shangazi. Mimi nilijua si kweli, na Baba hakujua kwamba ninajua. Hilo mliweke akilini.

Shangazi alikuwa mwekundu mwenye tumbo jeupe, pembe moja imepinda kuelekea jicho, na alikuwa na tabia ya kunipumulia sikioni nilipokuwa nakamua. Fabiano alibadilika ndani ya wiki mbili. Mashavu yakatoka. Akaanza kulia kwa nguvu, kwa hasira, kilio cha mtoto mwenye haki zake, na Mama alikuwa anacheka akikisikia. Hata mimi nilinenepa, kwa sababu Mama aliniachia povu lililobaki kwenye kibuyu.

Sasa nije kwa Mwalimu Lukasi. Alikuwa kijana mrefu aliyeletwa kwetu kutoka Singida, mwenye suruali moja ya kitambaa aliyoipiga pasi kila siku ikang'aa magotini. Mambo ya kwetu hakuyajua, lakini alitupenda, na alipenda vitenzi vya Kiingereza kupita kiasi. Alisema Kiingereza hakimwangushi mtu kwa maneno magumu, kinamwangusha kwa maneno mepesi yanayokaribiana. Wiki ile alitupa kwa jozi. Jumanne ilikuwa bring na take, halafu teach na learn. Alhamisi ikawa lend na borrow.

Kwa hizi mbili za mwisho tuliteseka. Sisi tulikuwa na neno moja tu, kuazima. Niazime jembe, nimeazima jembe. Anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, na kila mtu anajua jembe litalala wapi. Mwalimu Lukasi alisema Waingereza hawakubali hivyo, wao wanataka kujua kwanza kitu ni cha nani. Akawasimamisha wavulana wawili mbele, wakapeana jembe la shule huku na huku mpaka mmoja akajikata kidole cha mguu, na bado tulichanganya. Ndipo akatoa mfukoni penseli mpya ya njano, yenye kifutio mkiani. Sikuwahi kuona penseli yenye kifutio chake yenyewe. Akasema ni ya atakayetoa mfano wake mwenyewe wa vitenzi vyote viwili, mfano wa nyumbani kwao, na asitaje tena jembe wala kalamu kwa sababu amechoka nazo.

Sufuria ikatajwa, akaichanganya aliyeitaja. Sindano ikatajwa. Mtoto wa mwenyekiti akamtaja punda, akamfikisha mpaka katikati ya sentensi na kumwacha hapo. Mimi nilikuwa nimeinua mkono hadi bega linauma, na kichwani mwangu sentensi ilikuwa imekwisha kunyooka, nzuri, imekaa kila mahali pake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuona. Nadhani Kiingereza nilikichukulia kama chumba ambacho watu wa kwetu hawaingii, na ukisema jambo humo linabaki humo. Tena yule hakuwa Shangazi wetu hata kidogo. Alikuwa mfano.

Nikasimama nikasema, "Mzee Gwandu lent my father a cow. My father borrowed a cow from Mzee Gwandu."

Mwalimu Lukasi alifumba macho kwa raha. Akaandika ubaoni maneno yangu yote, akapiga mstari chini ya vitenzi, akaamuru darasa zima lirudie mara tatu. Tukarudia. Madirisha hayakuwa na vioo, na chini ya ukuta wa darasa akina mama walikuwa wanavuna maharage ya shule. Mara ya kwanza niliimba kwa sauti kuliko wote. Mara ya pili nikasikia jina la Mzee Gwandu likitoka katika vinywa arobaini kwa pamoja. Mara ya tatu nilifungua mdomo bila kutoa sauti.

Na pengine bado yangeishia pale, kwa kuwa wengi waliimba bila kuelewa. Lakini Mwalimu alitaka kuhakikisha, akamwinua Yuliana atafsiri. Yuliana alikuwa rafiki yangu wa dawati la mbele, binti wa mdogo wake Mzee Gwandu, yule wa tumbo moja. Akatafsiri polepole, kidole hewani, akihakikisha nani ametoa na nani amepokea. Mzee Gwandu amemwazima baba yake Marselina ng'ombe. Baba yake Marselina ameazima ng'ombe kutoka kwa Mzee Gwandu. Hakukosea hata kidogo. Alipomaliza alinigeukia kwa tabasamu, kwa sababu alinisaidia kupata penseli.

Niliibeba ile penseli nyumbani ndani ya soksi. Jioni nilikamua, Shangazi akanipumulia sikioni, na nikamwangalia Fabiano akinywa mpaka akasinzia na maziwa kidevuni. Sikusema kitu. Nilijiambia huenda Yuliana hasimulii mambo ya shule kwao. Lakini mimi mwenyewe nilisimulia kila kitu cha shule nyumbani, kila siku, isipokuwa siku ile.

Ijumaa nilimsubiri njiani. Nikamwomba asimwambie baba yake. Yuliana akashangaa, akasema alimwambia jana ileile, na baba yake alimwuliza mara mbili kisha akaacha chakula. Wao nao, akasema, wanakunywa chai ya rangi tangu ng'ombe wao wafe. Hakusema kwa ubaya. Nikaona kwamba hakuna la kumwomba tena.

Nikaenda kwa Mwalimu Lukasi saa nne, wakati wa mapumziko. Nikamwamkia, nikamwambia ile sentensi yangu ina kosa, naomba aliambie darasa kwamba ina kosa. Alikuwa ananoa wembe wa kuchongea penseli. Akaniita nikae, akafungua daftari langu, akaisoma tena kwa makini kabisa.

"Marselina," akasema, "hii sentensi haina kosa hata moja."

Nikamwambia si ya kweli. Akacheka kwa upole. Akaniambia mfano si lazima uwe wa kweli, mfano ni mfano tu, ningeweza kusema hata simba alimwazima mwalimu mkuu viatu, ilimradi vitenzi vikae sawa. Ndivyo nilivyojifunza, siku moja baadaye, kwamba ningeweza kutaja simba. Nikatoka ofisini nikakaa kwenye ngazi nikalia mpaka kengele ikalia.

Jumamosi saa kumi jioni wakaja wote wawili, Mzee Gwandu na mdogo wake, mchana kweupe, kwa njia ya mbele. Yule mdogo mtu alishika kamba mpya. Mama aliwaona kutoka jikoni akamfunga Fabiano mgongoni, sijui kwa nini, labda alitaka mikono yake iwe na kazi. Baba aliwatolea viti. Hawakukaa. Mzee Gwandu alikohoa kwa muda mrefu, akaangalia zizi, akaangalia mlima, na alipozungumza aliongea taratibu kama mtu aliyefiwa.

"Rafiki yangu, ningekuachia huyu mpaka mtoto atembee. Lakini ndugu yangu sasa anajua. Nilimwambia sina, na yeye watoto wake hawana maziwa. Nitakaa naye vipi?"

 Baba akamtazama yule ndugu mwenye kamba, na yule akatazama chini. Alikuwa mtu wa haya, hakufurahia kabisa kuwa pale. Hakukuwa na mtu mbaya uwanjani kwetu siku ile, na hilo ndilo lililonishinda. Ningempata wa kumchukia ningepumua.

Mzee Gwandu akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba amesikia ni mtoto aliyesema shuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, pale pale niliposikia maneno yao ya kwanza. 

"Mtoto alirudia nilichosema mimi," Baba akasema. "Nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mtoto angejuaje? Kosa ni langu."

Nisameheni nikisema ukweli. Jambo la kwanza lililonijia ni kutoka nyuma ya ghala nikamsahihishe. Baba alikuwa amekosea. Hakuwahi kuniambia, alinidanganya kwamba ni ng'ombe wa shangazi, na mimi nilikuwa mwanafunzi niliyependa majibu sahihi. Mguu mmoja niliutoa kabisa. Mama akaniona, akatikisa kichwa mara moja tu, nikaurudisha.

Mzee Gwandu alimtazama Baba kwa muda. Nadhani hakumwamini. Lakini neno lilikuwa limekwisha kusemwa mbele ya mtu wa tatu, na hakuna aliyeweza kulirudisha. Akaitikia kwa kichwa. Mama akaleta ile kamba ya zamani aliyokuja nayo ng'ombe, kwa sababu kwetu ng'ombe hurudi na kamba yake, akamkabidhi kwa mikono miwili. Shangazi hakutaka kutoka zizini. Baba mwenyewe ndiye aliyemsukuma kwa bega, akimwambia maneno ya Kiiraqw ambayo alituambia sisi watoto tulipokuwa tukiogopa giza. Walipopotea kwenye korongo Baba alichukua fagio akafagia zizi, na mimi nikaenda nikaitupa penseli chooni. Haikunisaidia chochote, ila niliona ni lazima.

Miezi iliyofuata tuliishi kwa maziwa ya akina mama wa Kimasai walioshuka kutoka juu kutafuta mahindi. Mama alipanda kukutana nao ukingoni mwa msitu, debe la mahindi kichwani, akarudi na kibuyu kimoja. Siku nyingine akarudi na mahindi yake, kwa kuwa hawakushuka. Kile kibuyu kilinukia moshi. Fabiano aliyakataa maziwa yale mwanzoni, akayazoea, akakonda, akaugua kifua, akapona, akaugua tena. Mimi nilikuwa nawatazama tu. Hakuna kitu ambacho mtoto anaweza kufanya akiwa ameshasema. Mdogo wangu alitembea akiwa na miaka miwili na nusu, na mpaka leo, akiendesha magari ya watalii kule bondeni Ngorongoro, ana miguu myembamba ambayo wenzake humtania, na mimi sijawahi kucheka utani huo.

Lakini ilichukua miaka kabla sijaelewa kilichotokea uwanjani. Nilidhani tumepoteza ng'ombe mmoja. Hapana. Kuanzia jioni ile Baba alijulikana pande zote za korongo kuwa mtu asiyeweza kushika neno. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia, walikaa naye kanisani, walimwita kwenye misiba. Ila hakuna aliyemwekea ng'ombe tena, hata ndama, hata wa wiki moja. Zizi likaota maboga, na maboga yale yalistawi kwa mbolea ya zamani mpaka watu wakayasifia. Baba alikuwa mtu mkimya kuliko wote niliopata kuwajua, akaishi na sifa ya mropokaji kwa miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu hakutaka sifa hiyo iwe yangu. Msichana wa kwetu mwenye sifa hiyo, nani angemwoa? Nani angemtuma hata chumvi?

Nilikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwaweza kucheka. Kila mwaka nikifika kwenye lend na borrow nafundisha kwa kalamu. Mkaguzi mmoja alinilalamikia kwamba situmii mifano ya mazingira ya wanafunzi. Nikamwambia asante, nitajirekebisha, na mwaka uliofuata nikafundisha kwa kalamu.

Na nilipopata akiba ya kutosha nilinunua mtamba mwekundu mnadani. Kila mtu angetegemea nimpe Baba zawadi, kwa shangwe, mbele ya majirani. Sikumpa. Nilimswaga mwenyewe kwa saa mbili kabla ya jua, mwezi wa saba, ndani ya ukungu, nikafika nyuma ya ghala viatu vimelowa. Baba alitoka na fagio lake. Alikuwa mzee tayari.

"Baba, sikupi," nikamwambia. "Ni wangu. Nakuwekea. Maziwa ni ya kwako na Mama, mbolea ni ya maboga, ndama wa kwanza atarudi kwangu. Na asijue mtu."

 Aliweka fagio chini, akapangusa viganja kwenye suruali, akapokea kamba kwa mikono miwili.

Jumapili ile, baada ya ibada, jirani alimwuliza ng'ombe mzuri namna ile ametoka wapi. Nilikuwa nimesimama karibu. Baba akatazama mlima, akajibu kwamba ni wa dada yake, Mbulu. Alisema hivyo kwa miaka tisa. Hata Fabiano hakuambiwa. Siku tulipomzika Baba, Mama akiwa ametangulia, wazee wakaniita pembeni, wakaniuliza kwa heshima ng'ombe wale watatu zizini ni wa nani, ili warudishwe kwa mwenyewe. Nikawaambia ni wa shangazi. Haikuwa kweli, na haikuwa na kosa hata moja.